Jaketi Langu kwenye Karamu ya Nahodha

Nahodha alisimama mbele yangu, na nyuma yake wazungu wanne wakihangaika kuvaa majaketi ya kuokolea maisha juu ya suti zao. Binti yangu akanitafsiria kwa aibu: "Mama, anauliza, nani amekwambia meli inazama?"

Mkwe wangu Mtaliano ndiye aliyetulipia jamaa wote tutembee kwa meli bahari ya Mediterania. Mimi sikusoma, ila maji nayajua. Zamani mashua ilitupindukia kule Funzi, nikapona kwa jaketi. Basi nilipoliona jingine kabatini chumbani mwangu melini, nikamuuliza huvaliwa lini Bakari, mume wa dada yangu Mwanasha, aliyefanya kazi hoteli za Diani na kujifanya mjuzi wa kila kitu.

"Shemeji, ni kama mashua za watalii Funzi," akanijibu, uso mkavu. "Ukishapanda, hulivui mpaka ushuke."

Nikalivaa juu ya buibui. Nililala nalo. Niliswali nalo, na kusujudu ikawa kazi. Mwanasha aliponiona aliuma pindo la leso, nami nikadhani ana jino bovu.

Siku ya pili tukaalikwa karamu ya nahodha. Nikaingia na jaketi langu la rangi ya machungwa, filimbi ikining'inia kifuani. Mzungu mmoja akaniona, akamnong'oneza mkewe, wakatoka mbio. Wakarudi wamevaa yao. Meza ya pili nayo ikainuka.

Bakari alikuwa ameinamia sahani, mabega yakimtikisika.

Sasa huku kwetu, Msambweni nzima inaniita Nahodha. Shemeji Bakari, Ijumaa jamaa wote wako kwangu. Njoo na mkeo, useme mbele yao ni nani aliyenivisha.