Mwanangu anacheza tenisi Ulaya, hajui mama yake amekufa

Mke wangu amekufa. Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, tumbo. Jumatano tukamzika.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, kibarua wa kahawa kwenye shamba moja huku Oldeani. Niliishia darasa la tatu, mtanisamehe mwandiko. Jina langu msiliandike kwenye ukurasa wenu.

Nina watoto wawili. Binti yupo hapa. Kijana, mzaliwa wa kwanza, yuko Ulaya anacheza tenisi. Ndiyo kazi yake, analipwa. Shamba letu lina uwanja walioacha wazungu wa zamani, meneja akawa anacheza pale na akamfundisha. Mkono kijana alishakuwa nao, kwa kuwapiga nyani mawe kwenye mahindi ya mama yake. Ule mpira wa kuanzia, wenyewe wanaita sevu, akiupiga huuoni. Unasikia tu pa! na mwenzake bado kasimama. Meneja akasema, "Huyu mimi simwezi tena." Akawaandikia watu wa tenisi wa Nairobi, na wao wakampeleka Ulaya. Vibarua wenzangu walinicheka. "Mzee, mtu mzima analipwa kupiga mpira?" Nikawaambia, na nyie mnalipwa kung'oa majani.

Mwaka juzi mama yake aliugua, tukamwita. Akaacha mashindano katikati akaja. Mama akapona. Kijana aliporudi kule nafasi yake kapewa mwingine. Mwaka mzima alianza chini, viwanja vidogo, anashindwa siku ya kwanza, anapanda treni, anashindwa tena. Mama yake hakujisamehe. Safari hii alipozidiwa akanishika mkono. "Usimwite. Aje akimaliza." Nikasema sawa.

Akafa, sikumwita.

Sasa kwetu Wairaqw nyumba ikifiwa inakaa kando. Hatuingii kwa watu, watu hawaingii kwetu. Majirani wanatuwekea unga njiani, wanaita kwa mbali, wanaondoka. Ni hivyo mpaka tunyolewe wote wa nyumba. Na kaka yangu mkubwa amekataa kutunyoa. Alisimama nje ya ua.

"Mdogo wangu, mzaliwa wa kwanza yuko wapi?"

"Yuko mbali."

"Ameambiwa?"

"Bado."

"Basi kaeni. Mimi sinyoi nusu ya nyumba."

Jumamosi ikaja barua ya kijana, kamwandikia mama yake. Nikaisoma polepole. "Mama, sevu yangu sasa hakuna anayeirudisha. Mwisho wa mwezi ujao nikishinda, naingia mashindano makubwa, yale wanayocheza wenye majina. Nitumieni simu ya maandishi ya posta mniambie unaendeleaje, nicheze roho ikiwa imetulia."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikwenda Karatu kwa miguu, maana kwenye lori nisingeweza kukaa na watu. Posta nilisimama mwisho, mbali na foleni. Nikatuma maneno matatu. Mama mzima, cheza.

Binti alipojua hakulia.

"Baba, umemfufua mama ili kaka apige mpira?"

"Mama yako ndiye alisema."

"Mama alisema usimwite. Hakusema umdanganye."

Akachukua ndoo akaenda kisimani.

Nikimwambia sasa, atakuja. Namjua. Nafasi itapotea tena, na safari hii ana miaka ishirini na sita, hawatamngoja. Na neno la marehemu nitakuwa nimelivunja. Nisipomwambia, atashinda, atacheka, atamwandikia mama yake barua nyingine. Halafu siku moja atajua, na atajua ni baba yake mwenyewe aliyemdanganya. Huku binti anakaa ndani kama mgonjwa. Hata kisimani anangoja wenzake waondoke ndipo achote. Yeye kosa lake nini?

Mke wangu angekuwepo ningemuuliza yeye. Mambo ya huyu kijana tulikuwa tunaamua wawili.

Nyie mnaosoma, hasa mliowahi kumficha mtoto msiba, nishaurini. Nitume simu nyingine ya ukweli, au ninyamaze mpaka acheze? Nifanye nini?

Nyapara amenipangia mistari ya kahawa ya pembeni, peke yangu, nisichanganyike na watu. Kesho narudi kazini.