Walivyokieleza Kifo cha Mtoto wa Dada

Mtoto wa dada yangu alifariki kwenye mvua za kwanza tangu tuhamishiwe kijiji kipya, upande wa Ikoma. Alikuwa ameanza kutambaa. Aliharisha, macho yakaingia ndani, na gari la kumpeleka hospitali likiwa bado linatafutwa akakata roho mikononi mwa mama yake. Tulimzika nyuma ya nyumba ambayo bado haikuwa na mlango.

Baada ya maziko alichinjwa mbuzi, watu wakala. Sina ugomvi na chakula cha msiba. Watu walikuwa wametoka mbali. Kinachonichefua mpaka leo ni mazungumzo yaliyokuja pamoja na ile nyama.

Kaka yetu alikuwa mwalimu. Yeye ndiye wa kwanza katika ukoo kufika chuo, na alipozungumza hata wazee walinyamaza. Baba mdogo alikuwa mzee wa kanisa, hodari wa hoja kama yeye. Wakikutana lazima wabishane, na siku nyingine mimi nilipenda kukaa karibu niwasikilize. Siku hiyo walikaa kwenye sinia moja, karibu kabisa na udongo mbichi wa kaburi.

"Hakuna siri hapa," kaka alisema. "Tatizo ni kisima."

Akatoa mfupa wa ubavu mdomoni na kuanza kuchora nao chini. Hapa vyoo vya mstari wa nyumba za juu, huu mteremko, hiki kisima. Mvua ikinyesha uchafu unashuka. Kidevu kilimng'aa mafuta, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata jibu la hesabu.

Baba mdogo akatikisa kichwa huku akitafuna. "Watoto wote wa mstari huu wanakunywa maji hayo. Mbona wengine wanacheza? Kisima kinakuambia alikufaje, Mwalimu. Hakikuambii kwa nini yeye."

"Kwa sababu mwili wake ulikuwa dhaifu, baba mdogo."

"Na huo udhaifu alipewa na nani?"

Wakaendelea hivyo, mmoja akiongeza mistari kwenye mchoro, mwingine akieleza mapenzi ya Mungu, inzi wakitua kwenye nyama na kwenye vidole vyao. Hatimaye wakamgeukia dada, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka na mama.

"Mwanangu," baba mdogo akamwuliza, "alianza kuumwa kabla ya mvua au baada?"

"Baada, baba."

Kaka akajipiga paja. Alikuwa ameshinda.

"Na mlikuwa mmeshambatiza?"

"Bado, baba. Tulikuwa tunahama."

Baba mdogo naye akaitikia polepole, kama mtu aliyepewa haki yake.

Hawakumtazama. Wangemtazama wangeona kitenge chake kimelowa kifuani, na maji yale yalikuwa maziwa. Dada mwenyewe aliinama akajiangalia.

"Kaka," akasema, "maziwa yanatoka tu. Niyafanye nini?"

Kaka alifikiri kidogo. Nilimwona akifikiri.

"Yatakauka," akasema. "Mwili haujajua kwamba mtoto hayupo. Ukishajua, utaacha."

Nikainuka, nikachukua sinia mbele yao.

"Bado tunakula," kaka akasema.

"Mmeshiba."

Mama, ambaye siku nyingine angenigombeza kwa kumjibu kaka hivyo, alivuta miguu nipite. Nilimwagia mbwa ile nyama yote. Kisha nikamshika dada mkono, nikampeleka kwenye jiko la nje na kumsaidia kukamua maziwa ndani ya bakuli. Matiti yalimuuma sana. Mwishoni kabisa akasema, "Alikuwa anapenda la kushoto," nasi tukalia pamoja.

Kaka alikuwa sahihi. Kiangazi vyoo vilihamishwa, kisima kikajengewa ukingo, na watoto wakaacha kuharisha. Angekosea, ningemsamehe mapema. Baadaye mimi mwenyewe nilisomea uuguzi, na leo naweza kueleza kifo kile vizuri kuliko alivyokieleza yeye, tangu maji yanavyomwisha mtoto mwilini mpaka moyo unaposimama. Nimejielezea mara nyingi. Maelezo yote ni sawa, na hayajawahi kunifikisha kwa mtoto yule wala kwa mama aliyekaa na kitenge kilicholowa.

Kabla sijaenda kusomea uuguzi huo, kaka alikuja kutufundisha kisomo cha watu wazima, jioni, kwenye ofisi ya kijiji. Siku ya somo la usafi alichora ubaoni vyoo, mteremko na kisima, akasimulia kisa cha mtoto mmoja aliyekufa kwa maji machafu. Alisema hivyo, mtoto mmoja, yeye aliyekuwa mjomba wake. Dada alikuwa benchi la mbele. Kaka akamwuliza, kama mwanafunzi mwingine yeyote, sababu ya kifo hicho.

"Kisima, Mwalimu," dada akajibu.

"Vizuri sana," kaka akasema, akawaambia watu wampigie makofi, nao wakampigia.