Namba Mbili za Kutua Arusha

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, hata sasa ninapokaa hapa Kikwe na haya magoti yanayouma. Nimechoka hata kuisimulia. Lakini kesho unaanza kazi ya urubani, kwa hiyo nitaisimulia tena.

Nilikuwa kijana, rubani msaidizi. Kapteni wangu alikuwa mtu mzima wa Pwani, mpole, na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kabla sijagusa chochote. Siku hiyo ya masika tulitoka Dar na abiria, tukakuta Arusha yote imefunikwa. Hata Mlima Meru hauonekani. Ilibidi tushuke kwa kufuata vipimo tu.

Karatasi ya kutua huonyesha kikomo; chini ya hapo hushuki kama hujauona uwanja. Kikomo hicho huandikwa kwa namba mbili. Ya kwanza, futi elfu tano na ushei, huhesabiwa kutoka usawa wa bahari. Ya pili, mia chache tu, huhesabiwa kutoka ardhini. Kule Dar zinakaribiana, hata ukizichanganya pengine utapona. Huku kwetu ardhi yenyewe iko juu. Ndege ikiwa imeegeshwa, abiria wameshakwenda zao, sindano ya kipimo cha urefu bado inasoma zaidi ya elfu nne, maana inapima kutoka baharini.

Kapteni akasoma ile ndogo, akaichukua kuwa ndiyo ya kufuata kwenye sindano. "Kikomo chetu mia saba," akasema. Nilimsikia vizuri. Nikajiambia mzee amechoka, atajirekebisha mwenyewe. Ningeanzaje kumsahihisha mtu wa umri wa baba yangu?

Sindano ikafika elfu tano na ushei, ikapita. "Bado tuko juu sana," akasema, ametulia kabisa. Halafu wingu likapasuka kidogo, nikaona shamba la mahindi. Mwanangu, niliyaona majani yake moja moja.

"Mzee, panda! Panda!"

Namshukuru Mungu, alipanda kwanza, maswali akayaacha baadaye. Tukazunguka juu mpaka mawingu yakafunguka, tukatua.

Abiria wakashuka, mmoja akinung'unika kwamba tumemchelewesha. Kapteni alibaki kitini, anaisoma upya ile karatasi.

"Kosa langu uliliona lini?"

"Uliposoma, mzee."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilikuheshimu."

Akaikunja karatasi. "Shikamoo yako ilikuwa inatuzika wote."

 

Basi, mwanangu, kabla hujashuka uliza kila namba inahesabiwa kutoka wapi, baharini au ardhini. Na mkubwa wako akikosea, mwambie papo hapo, kwa adabu ukipata nafasi, kwa kelele ukiikosa. Akikasirika, mwache akasirike akiwa hai.

Mungu akutangulie mawinguni, na kila unayembeba umfikishe kwao. Ukilazimika kuzunguka, zunguka. Chakula chako tutakifunika.