Bakuli la oili halitoki kwa pikapu yangu

Sitoi bakuli la oili kwa pikapu yangu. Semeni mtakavyo.

Leo asubuhi shemeji yangu Nyakundi alinikuta machimboni Tabaka nikipakia mawe ya sabuni, yale laini ya kuchonga vinyago, naye ana filta mpya ya karatasi mkononi. Dada yake, yaani mke wangu, ndiye aliyemtuma.

"Shemeji, kuchuja hewa ya gari na bakuli la oili ni mambo ya babu. Weka karatasi kama watu."

Nikamwambia tupande kilima, yeye na pikapu yake ya filta ya karatasi, mimi na yangu, mizigo sawa. Gari litakaloshindwa, mwenyewe anyamaze.

(Mimi na pikapu yangu ni rika moja. Sote huwaka kwa shida asubuhi.)

Katikati ya kilima, pikapu yake ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Akaichomoa filta yake. Vumbi la mawe lilikuwa limeijaa kama unga. Akaigonga kwenye gurudumu, vumbi lote likamrudia usoni!

Hapo ningenyamaza. Lakini wapi! Nikafungua bakuli langu nimwonyeshe vumbi lilivyozama chini ya oili, nikaliinamisha kidogo tu...

Oili yote ikaishia kwa suruali yangu.

"Angalau karatasi haichafui suruali," akasema, uso mweupe pe.

Bila oili singeweza kuondoka. Basi yeye mwenyewe akatoa mkebe wake wa oili ya akiba, akalijaza bakuli alilotaka nitupe!

Mke wangu amekataa kuigusa suruali. Naifua mwenyewe saa hii.

Na bakuli halitoki. Wenzangu wa bakuli, mko wapi?