Gereza la Wareno

Watu wakisikia kwamba niliwahi kufika Lisboni, mji wa Wareno ulio kando ya mto, huniuliza kwanza kama nilimwona mfalme. Sikumwona, nadhani walikuwa wameshamfukuza. Niliona ngome, mnara, kanisa na farasi mmoja aliyekonda.

Ulikuwa wakati wa Mdachi, yaani Mjerumani, reli imeshafika Dodoma. Nilikuwa mjane kijana wa Msalato, mwenye binti wa miaka miwili na mdomo usiojua kunyamaza. Nilipata kazi ya uyaya kwa mke wa Mjerumani mmoja, fundi wa reli. Huko ndiko nilikojifunza Kiswahili, maana kwetu tulisema Kigogo, na yule bibi alikuwa akijifunza pamoja nami, kwa hiyo makosa yetu yalifanana. Mwanawe nilimpenda. Yeye mwenyewe sikumchukia.

Bibi alipougua homa mara tatu mfululizo, mumewe aliamua arudi kwao na mtoto. Niliambiwa nimsindikize mpaka Dar es Salaam. Nikamwacha binti yangu kwa mama yangu, nikamwahidi kwamba nitarudi kabla uwele haujavunwa. Tulipofika Dar es Salaam, bibi akaniomba nipande naye meli mpaka Lisboni, mpaka Lisboni tu, kwa kuwa mtoto hakubali mikono ya mtu mwingine. Nikatia dole gumba kwenye karatasi. Hakuna aliyenilazimisha. Huruma ilinisukuma, na tamaa ya kuona nayo ilisaidia. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio, nami nilikuwa nimeshaisafiria wiki nzima kabla methali hiyo haijanijia kichwani.

Asubuhi tuliyotia nanga Lisboni, bibi aliniambia, huku amenipa kisogo, kwamba ingefaa niende naye hadi Hamburg. Miezi michache tu. Nilikasirika sana. Nilimwambia siendi, nina mtoto wangu anayenisubiri, na nilisema kwa sauti hata mabaharia wakageuka. Hakunijibu. Alivaa kofia yake, akasema tushuke mjini tukatembee, meli itashinda pale ikipakia makaa.

Huo mto wenyewe ulinishangaza kuliko majumba. Kwetu Ugogo mto ni mchanga: unachimba, unangoja, maji yanajikusanya kidogo kidogo huku ng'ombe wakikutazama. Mto wa Lisboni ulikuwa mpana hata nyumba za ng'ambo zilionekana ndogo, na meli yetu yote imo ndani yake. Nilimwuliza bibi mto huo hukauka mwezi gani. Akacheka, nami sikutaka acheke, kwa sababu nilikuwa bado nimenuna.

Bandarini tulikodi gari la farasi. Mwenye gari alikuwa mzee wa Kireno aliyewahi kuwa askari huko Msumbiji, na alipotusikia tukisema Kiswahili alifurahi kama aliyekutana na shemeji. Alikuwa na maneno yapata ishirini, mengine hayafai kuandikwa. Neno likimpungukia alitia la Kireno na kuendelea.

Alitupandisha kwanza kwenye ngome ya kale juu ya kilima. Njiani nyumba zilipandana hivi kwamba mtu akitema mate dirishani yanamwangukia jirani, na nguo zilianikwa juu ya vichwa vya wapita njia bila aibu yoyote. Nilifikiria tembe letu, paa lake bapa tunaloanikia mtama, nikaona kwamba sisi hatuna shida ya kugombana na jirani wa juu. Kisha tukateremka na kuufuata mto mpaka kwenye mnara mweupe uliojengwa majini, wenye nakshi mpaka kwenye vidirisha. Mzee alitueleza kwamba manahodha wao waliondokea hapo kuja pande zetu. Hasira yangu ilikuwa imeanza kupoa.

Ndipo akaelekeza mjeledi kwenye jengo refu la mawe ng'ambo ya barabara, akatabasamu.

"Sasa gereza," alisema. "Kubwa. Nzuri sana."

Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini neno nililisikia. Gereza nililijua vizuri. Dodoma niliwaona wanaume waliotoroka kazi ya reli wakipitishwa na mnyororo shingoni, na hamsa ishirini zao, viboko ishirini na vitano, kimoja kimoja, nilizisikia nikiwa sokoni. Nao walikuwa wametia dole gumba kwenye karatasi. Basi nikaunganisha mambo: asubuhi nimekataa kazi, bibi amekaa kimya, na sasa ninapelekwa gerezani kwa gari, kwa heshima zote.

Nilitazama huku na huku nione pa kukimbilia. Ningekimbilia wapi, na mtoto wa watu mgongoni? Mlangoni palichongwa wanaume wa mawe, safu juu ya safu, wote wakinitazama. Mwanamke mmoja mwenye nguo nyeusi alitoka akifuta machozi, nikajua ametoka kumwona mfungwa wake. Mzee alivua kofia. Bibi akaniambia niingie.

Sikuingia. Nilipiga magoti pale pale kwenye ngazi, mdomo wangu wote umekwisha.

"Bibi, usinitie gerezani," nilimwambia. "Nitakwenda Hamburg. Ila kwanza andika barua, mama yangu asomewe, amwambie mwanangu kwamba sikumtupa."

Bibi hakuelewa. Alimtazama mzee, mzee akanitazama mimi, akalirudia neno lake, safari hii polepole, igreja, akafanya ishara ya msalaba kifuani na kuviunganisha viganja vyake. Kwa Wareno, kumbe, hilo ndilo kanisa. Mzee alitaka kucheka, lakini bibi alikuwa amekuwa mwekundu mpaka shingoni, naye akaona ni heri akamwangalie farasi wake.

Bibi aliketi kwenye ngazi kando yangu, na gauni lake jeupe.

"Ulidhani ningeweza?" aliniuliza.

"Karatasi unayo wewe, bibi," nilisema.

Mtoto alianza kulialia, nikamfungua mgongoni nikampa mama yake. Ndipo aliponiuliza, akiwa amemkazia macho mwanawe, "Wako ana miaka mingapi?" Nilikuwa nimekaa naye zaidi ya mwaka, na hilo swali lilikuwa halijamtoka kinywani. Nikamwambia miaka mitatu, na kwamba huanza kuimba kabla hajafumbua macho asubuhi. Nililia nikisema hivyo. Naye alilia, akasema kwamba tangu Dar es Salaam alikusudia kunifikisha Hamburg, na kwamba asubuhi alinyamaza kwa aibu, si kwa hasira.

Tuliingia, mzee naye nyuma yetu. Kanisa lile lina nguzo nyembamba ndefu, na mafundi walichonga kamba katika mawe, na mafundo yake, hata nikagusa moja nione kama litalegea. Kuna nahodha mmoja wa mawe amelala chali juu ya kaburi lake, viganja pamoja. Mzee alininong'oneza kwamba huyo ndiye aliyefika pwani yetu. Nilimtazama vizuri. Alionekana mtu aliyechoka.

Meli ya kushuka Afrika ilipita siku tano baadaye. Bibi aliiacha yake iende, akaisubiri hiyo pamoja nami, akanikabidhi kwa masista wawili waliokuwa wakienda Dar es Salaam, na ile karatasi akanipa mkononi. Nilimfunga mwanawe mgongoni mwake kwa kaniki yangu na kumwonyesha jinsi ya kumbembeleza. Mpaka naondoka alikuwa hajaweza vizuri, lakini mtoto alikuwa amelala.

Nilifika Msalato uwele umeshavunwa na kupurwa. Binti yangu alinitazama akiwa nyuma ya mama yangu, akashika nguo yake, akaniamkia "Mbukwa" kwa adabu, kama anavyoamkiwa mgeni. Mama alitaka kumkaripia. Nilimwambia amwache. Siku tatu tulilala nyumba moja, akinipisha njia na kuninyamazia, nami sikumwita.

Siku ya nne alitoka kuchezea nyuma ya zizi akichechemea. Mama yangu alimnyoshea mikono. Akampita, akaja akaketi mbele yangu, akaninyoshea mguu wenye mwiba.