Haragwe Jekundu la Chama cha Siri

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za chuoni Arusha, mwanangu, ni ile mwalimu wetu wa historia alipotusimulia vyama vya siri vya wanafunzi wa Marekani. Vilianza na vijana wachache waliotaka kubishana mambo ambayo darasani hayakupewa nafasi. Wakajipa jina la herufi za Kigiriki, kiapo, na namna yao ya kushikana mikono. Mmoja akihamia chuo kingine, alikwenda na barua ya ruhusa akafungua tawi, na hivyo vikaenea.

Jioni ile ile sisi watatu tukaanzisha chetu. Herufi tulizitoa kwenye kitabu cha fizikia, na maana yake hata sisi hatukuijua, kwa hiyo siri ilitunzwa vizuri sana. Mwenzetu mmoja alipohamia chuo cha Ngaramtoni tukampa barua, akafungua tawi. Alikuwa peke yake, akajichagua mwenyekiti, na bado akatuandikia kwamba uchaguzi ulikuwa mgumu.

Kisha Lemeki akaomba kuingia. Huyu ni rika langu, tulitahiriwa pamoja kwetu Oldonyo Sambu. Tuliobaki wawili tukapiga kura kwa maharage, jeupe akubaliwe, jekundu akataliwe. Yakatoka mekundu yote mawili, tukamwonyesha. Nilimkataa kwa sababu alikuja darasani na makatambuga, vile viatu vya matairi, nami niliona haya kuitwa mwenzake.

Likizo nilipofika nyumbani nikamkuta Lemeki kitandani kwangu, anakula mguu wa mbuzi, babu akimwongezea. Kwetu hiyo ni haki ya rika, kitanda chako na nyama yako ni vyake. Babu akauliza kuna nini kati yetu, nikajibu nimeapa kutosema. Lemeki, ambaye hakuapa chochote, akamweleza yote bila kuacha nyama.

Babu alicheka mpaka akakohoa, halafu akanigeukia, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Hao vijana wa Marekani nawaelewa," akasema. "Walikuwa mbali na kwao, hawana rika, wakajitengenezea. Wewe unalo. Huyu mlikaa naye kwenye kisu siku moja. Nani alikupa haragwe la kumpigia kura?"

Niliona aibu kweli kweli. Nikamwomba Lemeki msamaha, akanisamehe, ila kitandani hakutoka wiki nzima.

Mwanangu, vyama ingia, ubishane, ujifunze. Lakini kabla hujaapa, angalia nani anaachwa nje ya mlango. Akiwa ni mtu wako, toka ukakae naye. Mungu akukuze, akujalie watu wa kukupokea bila kukupigia kura.