Pua za Jipu la Maziwa

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Shule yangu iliishia darasa la sita, na kalamu mkononi mwangu hutembea kama ng'ombe mzee kwenye tope. Mkikuta herufi imepotea, irudisheni wenyewe mahali pake. Lakini harufu ninayotaka kuwaeleza haihitaji tahajia. Ni harufu ya maziwa yaliyochacha ndani ya chuma chenye kutu. Nikiisikia, narudi kwetu Nyamitaba, msimu ule mvua ilipokaribia na jipu letu, lile gari la maziwa, likataka kutuacha.

Jipu hilo alilinunua babu kabla baba hajaoa. Kila asubuhi, barabara ikiwa wazi, lilishusha maziwa yetu na ya majirani hadi Sake, bidoni, yaani madumu ya maziwa, zikigongana nyuma. Maziwa yalimwagika, kwa sababu barabara za Masisi hazimwachii mtu kitu kilichojaa. Tuliosha sakafu, tukapaka rangi nje, likang'aa hata kuku wakajitazama. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Ndani ya mabati yaliyo chini ya milango, ambayo ni matupu kama bomba na jicho halifiki, kutu ilikuwa inakula bila haraka. Siku moja baba alikanyaga pale ili apande, mguu ukazama.

Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka la sabuni na lori, akaja kulitazama. Alitaka kulikatakata auze injini. Alipenyeza kidole kwenye bati, kikatokea upande wa pili, akamcheka bibi yangu, ambaye sote tulimwita Koko: "Mama, hii haiko tena gari, iko chujio!"

"Chujio njo inajua maziwa," Koko akamjibu. "Wewe unajua sabuni tu."

Watu walicheka, ila baba hakucheka. Bila jipu, maziwa yangetuchachia nyumbani, na majirani wangetafuta gari jingine. Akamwambia Papa Kambale arudi Jumapili baada ya misa. Likiwa halijapona, alichukue.

Kwetu chombo cha maziwa hakiaminiwi kwa kuoshwa tu. Kibuyu hukaushwa, kisha hufukizwa kwa moshi wa majani, ndipo maziwa yatiwe. Koko alisema jipu nalo ni chombo cha maziwa, tena limekunywa miaka mingi bila kufukizwa. Baba alishangaa, lakini alifungua tangi la mafuta akalipeleka mbali, nyuma ya zizi. Koko akawasha majani ndani ya mkebe, akauunganisha na mpira, akapuliza moshi ndani ya bati la kulia. Ukatokea! Ulitoka kwenye vitundu vya chini, vile ambavyo gari huzaliwa navyo, ukatoka pia mahali ambapo rangi ilikuwa bado nzima, ukituonyesha kila palipooza. Baba alifuata nyuma akipachora kwa mkaa. Upande wa kushoto, moshi ulikataa. Ulirudi wote usoni mwa Koko, akakohoa mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka.

Mimi nilikuwa mtoto wa kike mwenye haya. Hata mwalimu aliponiita jina, niliitika kwa kichwa. Lakini maneno yalinitoka yenyewe: "Papa, pua yake imeziba."

Baba alilala chini akachungulia. Alipoinuka, alikuwa ameshika kipande cha nta.

"Mimi njo niliziba," akasema polepole. "Matope ilikuwa inaingia. Si wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta?"

"Haiko kila tundu njo ufa, mutoto yangu," Koko akamwambia, bado anakohoa. "Ng'ombe ukimuziba pua sababu ya vumbi, utakula nyama yake."

Baba alichokoa vile vitundu kwa msumari. Maji meusi yakatiririka yakinuka mtindi wa mwaka jana, na mbwa wetu akakimbia. Fundi aliyeitwa na baba alikata mabati yaliyooza mpaka akafikia chuma kizima, akachomelea mapya. Tulikwangua, tukaliacha jua likaushe kila uwazi. Kisha baba aliyeyusha nta ya nyuki wa Walikale pamoja na mafuta machafu ya injini, akaipiga ndani kwa sindano kubwa ya ng'ombe, mpaka ikadondoka chini. Nta ile ile iliyoziba sasa ilikuwa nguo. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kila pua imebaki wazi.

Jumapili Papa Kambale alifika na lori lake. Aligonga mabati yetu kwa ngumi, pande zote, na yalimjibu kwa sauti nzito. Akasimuliwa na Koko habari za pua. Kisha akainama kwangu, mtu mzima na koti lake la misa, akauliza: "Na camion yangu, mama, iko na pua?"

Nilipiga magoti nikatazama. "Iko nazo, Papa. Ila zote zina mafua."

Baba alicheka siku hiyo.

Leo jipu lina mikwaruzo mingi kuliko wakati ule lilipong'aa, na kuku hawajitazami tena. Ila bado linashuka Sake na maziwa, na magari yaliyokuja mapya baada yake mengine yamekwisha kukatwa. Koko hayupo. Mimi bado nina haya, kanisani nakaa nyuma. Lakini wenye magari ya zamani wanatoka hata Karuba kuja uani kwetu, nami hupiga magoti mbele ya gari kabla sijamsalimia mwenyewe.

Niandikieni basi, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu. Mniambie kwenu vitundu vile mnaviitaje. Ila kabla ya kushika kalamu, nendeni mkavichungulie.